Njia za panya, simu na serikali: yanayosemwa na yalivyo kweli

Zamani njia ya panya ilikuwa siri ya mtu. Dereva wa teksi aliijua baada ya miaka ya kuzunguka mjini, akamwonesha mpwa wake, ikaishia hapo. Leo simu inaitangaza kwa sauti kwa madereva elfu kwa mpigo: baada ya mita mia mbili, kata kushoto. Wenye nyumba zao huko kushoto ndio wa kwanza kuumia. Malalamiko yao hupanda kwa diwani, kwa meya, hadi bungeni, na kadiri yanavyopanda ndivyo yanavyookota maneno ambayo si kweli.

"Programu za ramani ndizo zinazoleta foleni."

Foleni ilikuwapo. Chukua Leonia, mji mdogo wa New Jersey, Marekani, wenye watu kama 9,000. Kosa lake ni kukaa jirani na daraja la George Washington linaloingia jiji la New York. Magari ya kwenda darajani yalikuwa yakibanana pale tangu enzi ambazo simu zilikuwa na waya. Tofauti ni kwamba dereva mgeni, ambaye zamani angevumilia barabara kuu kwa kutojua pa kutokea, sasa alikuwa na Waze, Google Maps au Apple Maps ya kumchomoa na kumpitisha katikati ya mji. Ikafika mahali mwenye nyumba anashindwa kurudisha gari nyuma atoke getini kwake, kwa sababu mtaa mzima umesimama.

Kwa hiyo programu haikuzaa magari, iliyahamisha. Lakini wanaosema "basi haina kosa" nao wanarukia upande wa pili. Mtaa uliojengwa kwa ajili ya watoto wa shule, gari la taka na wenyeji wanaotoka kazini haubebi mzigo wa barabara kuu hata kwa saa moja.

"Ikimwokolea mmoja dakika kumi, itatuokolea sote."

Tupige hesabu ya kitoto. Barabara kuu inakula dakika 30, kichochoro kikiwa kitupu dakika 20. Wa kwanza kukata kona anaokoa kumi. Wa hamsini anaokoa nne. Baada ya hapo kichochoro nacho kinakula dakika 30, na anayeingia haokoi kitu, ila sasa kuna mtaa wa pili uliojaa moshi na honi. Mwingereza John Glen Wardrop aliliandika jambo hili kama kanuni mwaka 1952: kila dereva akitafuta nafuu yake, njia zote zinazotumika huishia kuchukua muda uleule. Mwaka 1968 mwanahisabati Mjerumani, Dietrich Braess, akaonesha kioja kikubwa zaidi, kwamba kufungua barabara mpya kunaweza kumchelewesha kila mtu, hata yule anayeitumia hiyo mpya. Wote wawili waliandika hayo kabla mtu yeyote hajawa na simu ya mkononi.

"Mtaa ni wetu, tuufunge tu."

Hapa ndipo Leonia ilipopata somo. Tarehe 22 Januari 2018 mji ulifunga mitaa kama 60 kwa wasio wakazi, asubuhi saa 12 hadi saa 4, jioni saa 10 hadi saa 3 usiku, siku zote za wiki. Wakazi walipewa vibali vya njano vya kuning'iniza kwenye kioo cha ndani ya gari. Ukikutwa huna, na huna shughuli mjini, faini dola 200.

Shangazi wa mtu anayekuja kula chakula cha jioni je? Mteja wa duka? Waliruhusiwa, lakini bango la "marufuku" halimsimulii dereva habari za misamaha. Wenye maduka wakalia kwamba wateja wanaliona bango na kupita zao. Mji ukalazimika kuongeza mabango mengine ya kusema kwamba jamani, madukani mnaweza kuja.

Kisha likaja la mahakama. Mwishoni mwa Agosti 2018 jaji alizitupa sheria hizo ndogo, kwa sababu mji haukupata idhini ya idara ya usafiri ya jimbo. Barabara ya umma, hata ikipita mbele ya kibaraza chako, imejengwa kwa kodi ya umma, na mitaa ile inaungana na barabara za jimbo. Leonia ilirudi mezani kuandika upya. Mimi nawaonea huruma wakazi wale, lakini siwezi kusema jaji alikosea: kila mji ukipanga nani apite kwa kuangalia anapolala, safari ya kilomita thelathini itahitaji vibali vingapi?

"Serikali haina ubavu mbele ya kampuni kubwa za teknolojia."

Hii ndiyo inayonikera zaidi, kwa kuwa mara nyingi serikali haihitaji hata kupigana. Programu inafuata barabara ilivyo kisheria na muda inaouchukua kuipita. Badilisha kimojawapo, nayo inabadilika.

Huko Los Angeles kuna mtaa unaoitwa Baxter, katika eneo la Echo Park, wenye mwinuko wa asilimia 32. Ukifika kileleni huoni lami mbele, unaona boneti na mbingu. Programu ilikuwa inawapeleka watu huko, na mvua ikinyesha magari yalikuwa yanateleza hadi kwenye kuta na bustani za watu. Mwaka 2018 jiji liligeuza kipande cha mtaa kiwe cha upande mmoja. Halikuhitaji kesi wala kumbembeleza mtu. Mtaa wa upande mmoja ukishaingia kwenye ramani, simu haikutumi upande wa pili. Mji wa Fremont, California, nao ulipiga marufuku kukata kona fulani saa za msongamano. Matuta hufanya kazi kwa mantiki hiyohiyo: mtaa ukiwa wa polepole, programu inauona hauna faida.

Na serikali ikitaka kuiamuru programu yenyewe, inaweza. Ufaransa imefanya hivyo. Tangu Novemba 2021 mamlaka za huko zinaweza kuzitaka programu zifiche kwa muda maeneo ambako polisi wanakagua magari: muda wa hadi saa mbili kwa ukaguzi wa pombe na dawa za kulevya, na hadi saa kumi na mbili kwa mambo mazito kama kumsaka mtekaji. Sheria zao za usafiri zinazitaka pia programu hizo zimwoneshe msafiri athari za safari yake kwa mazingira, na zisipendelee pekee matumizi makubwa ya barabara ndogo ambazo hazikujengwa kwa magari mengi ya kupita. Neno "pekee" hapo limeacha mlango wazi wa kupitisha lori, lakini amri ipo na imeandikwa.

"Ikishapigwa marufuku, foleni itakwisha."

Tyrol, Austria, iko kwenye njia ya Wajerumani wanaokwenda likizo Italia kupitia Brenner, njia inayokatiza milima ya Alpi. Juni 2019 jimbo lilikataza magari ya masafa kuiacha barabara kuu wikiendi karibu na Innsbruck, na polisi wakasimama kwenye njia za kutokea wakiwarudisha. Ujerumani ilikasirika, waziri wake wa usafiri akatishia mahakama. Vijiji vilipumua, na marufuku yakaendelea kurudi misimu iliyofuata. Foleni yenyewe? Ilibaki barabara kuu, inakolipiwa ushuru.

"Basi tuidanganye programu."

Wapo wakazi, hasa Marekani, waliojaribu kuripoti ajali za uongo mtaani kwao. Haidumu: simu za wengine zinapita hapohapo kwa mwendo wa kawaida na kuwaumbua. Kinachoidanganya ni mwendo wa simu zenyewe. Mapema mwaka 2020 msanii wa Berlin, Simon Weckert, alionesha alivyopakia simu 99 kwenye mkokoteni mdogo na kuuvuta taratibu katika barabara kadhaa, mojawapo jirani na ofisi ya Google. Barabara ilikuwa nyeupe, haina gari. Kwenye ramani ikawa nyekundu tupu, rangi ya foleni.