Picha za Sammy Baloji zinahitaji ukuta

Kabla sijasimama mbele yake, mfululizo wa picha uitwao Mémoire, wa Sammy Baloji, mpiga picha wa Kongo, nilikuwa nimeuona mara nyingi kwenye simu. Kwenye simu unaona jengo lililochakaa, watu wamesimama mbele yake, unapitisha kidole, basi. Kazi yangu ni kupanga maonyesho ya picha na video, na nikieleza kwa nini kazi hii inahitaji ukuta, huwa nimeeleza nusu ya ninachofanya.

Baloji alizaliwa mwaka 1978 Lubumbashi, mji wa Katanga, kusini mwa Kongo, uliokua kwa shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906 chini ya Wabelgiji. Baada ya uhuru ikataifishwa, ikawa Gécamines. Bomba refu la moshi na kilima cha mabaki ya madini pembeni yake ndiyo alama ya mji mpaka leo. Baloji alikwenda kwenye viwanda vilivyokufa, akavipiga picha za rangi: kutu, paa zilizotoboka, vumbi jekundu. Kisha akachukua picha za zamani za kumbukumbu, za wafanyakazi na za mabwana wa enzi ya ukoloni, akawakata watu wale na kuwaweka juu ya magofu hayo. Kazi ilikamilika mwaka 2006, na mwaka uliofuata ikaonyeshwa Bamako, kwenye maonyesho makubwa ya upigaji picha ya Afrika.

Ukisogea karibu unaona jambo ambalo simu inalificha. Watu wamebaki weusi na weupe, magofu yana rangi. Baloji hakujaribu kuunganisha nyakati mbili zionekane moja. Ukingo wa mtu, pale alipokatwa, unauona. Kuna wafanyakazi waliopangwa mstari, wanamtazama aliyewapiga picha zamani zile, na sasa wewe umesimama mahali pake. Hilo linanigusa kila mara. Aliyewapiga alikuwa anafanya kazi ya wakubwa. Majina ya wengi wao hakuyaandika. Ukubwa wa picha ukipungua, nyuso zinageuka nukta, na wanarudi kuwa idadi tu.

Ndiyo maana tunabishana kwa sentimita. Kwa kawaida katikati ya picha huwa kama sentimita 150 kutoka sakafuni, karibu na macho ya mtu mzima. Picha za Mémoire nyingi ni ndefu kwa upana, huwezi kuzimaliza ukiwa umesimama mahali pamoja, lazima utembee. Kwa hiyo natafuta ukuta mrefu, naacha nafasi ya kutosha kati ya picha na picha, na taa naziinamisha ili kioo kisirudishe uso wa mtazamaji juu ya uso wa mfanyakazi. Mwangaza mkali pia unaila karatasi taratibu, kwa hiyo tunaupunguza, na wageni hulalamika kwamba chumba kina giza. Wavumilie dakika moja, macho yatazoea.

Video ni shughuli nyingine kabisa. Mwaka 2017, kwenye Documenta 14, maonyesho makubwa ya sanaa ya kisasa yenye asili ya Ujerumani, Baloji alionyesha video ya Tales of the Copper Cross Garden, sehemu ya kwanza, dakika 42. Unaona shaba ikigeuzwa waya kiwandani, na juu yake unasikia kwaya ikiimba. Msalaba wa shaba huko Katanga ulikuwa fedha kabla ya Wabelgiji, na misalaba hiyo iliwekwa hata kwenye bendera ya Katanga ilipojitenga mwaka 1960. Kwa hiyo kwaya, msalaba na waya vinazungumza habari moja: kanisa na kampuni vilivyoshikana mikono juu ya mgongo wa mfanyakazi. Ukimwekea mtu kazi hiyo kwenye kona yenye mwanga, bila benchi, atakaa dakika mbili.

Sauti ndiyo inayonikosesha usingizi. Niliwahi kusimamia maonyesho ambapo kazi mbili zilitenganishwa na pazia jembamba, na ngoma za chumba cha pili zikazima maneno ya mwanamke aliyekuwa anasimulia maisha yake. Watu walipita wakiitikia ngoma kwa kichwa, simulizi wala hawakuisikia. Tangu hapo nasikiliza chumba kitupu kwanza, ndipo naruhusu projekta ifungwe. Mazulia mazito, mapazia mazito, spika zilizolengwa kwenye benchi: vitu hivyo vina gharama, na ndivyo hukatwa kwanza bajeti inapopungua. Napigania benchi kabla ya kitu kingine chochote.

Baloji mwenyewe aliliona tatizo la nani anaonyeshwa nini. Mwaka 2008 alishiriki kuanzisha Picha huko Lubumbashi, chama kinachoandaa maonyesho ya kila baada ya miaka michache ambayo sasa ni Biennale ya Lubumbashi. Jina ni neno letu lilelile, kwa sababu Kiswahili ndicho kinachozungumzwa mtaani huko. Kwa watu waliokua wakiliona bomba lile la moshi kila asubuhi, sina haja ya kuandika maelezo marefu ukutani.

Ukikuta video inajirudia na umeingia katikati, usitoke kwenda kuuliza inaanza saa ngapi. Kaa. Subiri mpaka ifike tena pale ulipoikuta.