Jedwali linasema taima ipo, mbona saa inakimbia?

Kila Jumamosi mchana vijana wanne huja kwangu Nyegezi na laptopu zao za mtumba, tunaandika kiini kidogo cha mfumo endeshi kuanzia sifuri. Hakuna kinachowahangaisha kama taima, yaani kifaa cha ndani ya kompyuta kinachohesabu muda. Herufi zikitokea kwenye skrini wanashangilia; saa ikikosea hawajui waanzie wapi. Nami nilipotea hapohapo, ndiyo maana naandika.

Kompyuta ya jamii ya PC ikiwashwa, fimwea, yaani ile programu iliyochomwa kwenye ubao mama, huweka kwenye kumbukumbu majedwali ya ACPI. Kanuni hiyo ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1996. Majedwali ndiyo yanayouambia mfumo endeshi kuna vifaa gani na vinapatikana anwani ipi. Kwa habari ya muda tunahitaji mawili: la HPET, taima ya usahihi mkubwa, na la FADT, ambalo pamoja na mengine hueleza taima ya ACPI yenyewe. Hilo la pili usilitafute kwa jina lake, kwa sababu saini iliyoandikwa kwenye kumbukumbu ni FACP. Kijana mmoja alikesha usiku mzima kwa ajili ya herufi hizo nne.

Dhana ninayoisikia kuliko zote ni kwamba jedwali la HPET linakupa kila kitu, pamoja na kasi ya taima. Hapana. Linakupa anwani, ambayo mara nyingi ni 0xFED00000, na utambulisho wa biti 32. Utambulisho huo ni nakala ya nusu ya chini ya rejista ya uwezo, yaani kisanduku cha namba kilichomo ndani ya chipu kinachoeleza taima inaweza nini. Kasi imeandikwa kwenye nusu ya juu, na nusu hiyo haimo kwenye jedwali. Ni lazima uende kwenye ile anwani uisome rejista yenyewe. Utakuta urefu wa pigo moja la kaunta, ile namba inayoongezeka kila pigo, kwa femtosekunde, na sekunde moja ina femtosekunde milioni mara bilioni. Gawanya 10 kwa kipeo cha 15 kwa namba uliyoikuta, upate mapigo kwa sekunde. Ukikuta 69841279, kasi ni megahezi 14.318. Ukikuta 41666667, ni megahezi 24. Sifuri ni kosa, na chochote kinachozidi 100000000 ni kosa pia, maana kanuni ya HPET haikubali kasi iliyo chini ya megahezi 10.

Mwishoni mwa jedwali kuna sehemu ya biti 16 inayotaja idadi ya mapigo, na wengi huidhani ndiyo kasi. Ile inaeleza nafasi ndogo kabisa unayoweza kuiacha kati ya vikatizo (ishara za kumkatiza prosesa kazi yake) vinavyojirudia bila kimoja kupotea. Kasi haihusiki nayo.

Mimi sikuisoma rejista. Niliandika megahezi 14.318 moja kwa moja kwenye programu, kwa kuwa kila mashine kuukuu niliyowahi kuishika ilikuwa hivyo. Namba hiyo ina ukoo wa heshima: kristali ya megahezi 14.31818 ilikuwamo kwenye IBM PC ya mwaka 1981, na asili yake ni mawimbi ya rangi ya televisheni za Marekani. Igawanye kwa 4, unapata 3.579545, kasi ya taima ya ACPI. Igawanye kwa 12, unapata 1.193182, kasi ya PIT, taima ya zamani kabisa. Nikaamini ni namba ya milele. Kisha nikanunua laptopu mpya kidogo, HPET yake ni ya megahezi 24, na dakika ya saa yangu ikawa inakwisha kwa sekunde 36 hivi. Nilitafuta kosa siku tatu kwenye hesabu zangu za vikatizo, mahali ambapo hapakuwa na kosa lolote. Pale Mwaloni, Kirumba, mnunuzi wa dagaa haridhiki na kilo zilizoandikwa juu ya gunia. Anataka lipande mizani akiwa anaona. Jedwali nalo lipokee hivyo.

“Kaka, anwani ni sahihi, mbona kaunta inanipa namba ileile?” Hili huulizwa kila mara. Jedwali kuwepo hakumaanishi kaunta inatembea. Washa biti ya 0 kwenye rejista iliyo 0x10 kutoka mwanzo wa anwani, itaanza kuhesabu.

Wengine husoma kwamba kaunta kuu ina biti 64, wakafikiri vilinganishi vyake vyote, yaani sehemu zinazopeleka kikatizo kaunta ikifika namba uliyoiweka, vina biti 64. Kila kilinganishi kina rejista yake inayoeleza upana wake, kama kinaweza kujirudia chenyewe, na kinaweza kupeleka kikatizo kwenye njia zipi. Vinaweza kutofautiana ndani ya chipu moja. Idadi yake nayo huandikwa pungufu kwa moja: ukisoma 2, vipo 3.

Kwenye FADT kuna mtego ninaouona mbaya zaidi, kwa kuwa hauonekani siku ya majaribio. Urefu wa rejista ya taima ya ACPI umeandikwa baiti 4, na mtu huhitimisha kwamba kaunta ni ya biti 32. Urefu huo ni uleule hata kaunta ikiwa ya biti 24. Jibu liko kwenye bendera za FADT (biti za ndiyo au hapana), biti ya 8: ikiwa 1, kaunta ni ya biti 32, ikiwa 0, ni ya biti 24. Ya biti 24 hujaa na kurudi sifuri kila sekunde 4.69, ilhali ya biti 32 huchukua karibu dakika 20. Ukikosea, programu fupi itafanya kazi vizuri mbele ya kila mtu, halafu siku kiini kitakapongoja sekunde 5 bila kusoma kaunta, muda utapotea.

Tena kuna chipu za zamani za Intel, kama PIIX4, ambazo usomaji mmoja unaweza kurudisha namba iliyovurugika. Mfumo endeshi wa Linux husoma mara tatu kwenye mashine hizo. Nasi tunafanya hivyo.

Dhana ya mwisho ni kwamba jedwali la HPET likikosekana, kifaa hakipo. Fimwea inaweza kukificha, na Linux ina amri ya kukilazimisha. Mimi silazimishi. Kwenye baadhi ya mashine za Intel, HPET husimama prosesa inapozama kwenye usingizi mzito, na Linux huiacha makusudi hata jedwali linapokuwepo.

Kwa hiyo sasa kiini chetu huhesabu HPET na taima ya ACPI kwa pamoja kwa milisekunde 50, kisha hulinganisha. Jumamosi iliyopita laptopu tatu zilikubaliana. Ya nne FADT yake imeandika urefu wa taima sifuri, maana yake haina, na wiki ijayo tutailinganisha na PIT.