Dodoma hadi Guangzhou: Soma Vizuri Saa za Tiketi Yako

Wafanyabiashara wa Dodoma wanaofuata mzigo China hutuuliza mara kwa mara: safari ni ya saa ngapi? Kwa njia fupi kabisa ya angani, Dodoma na Guangzhou zimeachana kilomita 9,000 hivi. Kutoka Dar es Salaam, ambako wengi hupandia ndege ya nje, ni kama 8,700. Ndege kubwa ya abiria hukata kilomita 850 hadi 900 kwa saa, kwa hiyo ya moja kwa moja hutumia takriban saa kumi na nusu.

Ukipitia Dubai au Addis Ababa, njia hurefuka hadi kilomita 9,800 hivi. Nyongeza hiyo hewani ni saa moja na ushee tu. Muda unaliwa na kusubiri ndege ya pili, na kusubiri huko kunaweza kuwa saa mbili au hata kumi na mbili. Nauli nafuu isikuvutie kabla hujaangalia jumla ya muda.

Kinachowachanganya wengi zaidi ni saa zilizochapwa kwenye tiketi. Kila saa ni ya mji husika, na China wametutangulia kwa saa tano. Tuseme ndege inaondoka Dar saa 22:00, yaani saa nne usiku, na kufika Guangzhou 13:30 kesho yake. Ukitoa moja kwa nyingine unapata saa kumi na tano na nusu. Ondoa tano, zinabaki kumi na nusu. Wakati wa kurudi hesabu hugeuka: ukiondoka 15:30 na kutua Dar 22:00 siku hiyohiyo, usidhani umeruka saa sita na nusu. Ni kumi na moja na nusu. Kurudi huchukua muda zaidi kwa sababu upepo mkali wa juu huvuma kutoka magharibi, hasa Desemba hadi Februari.

Tafadhali, kuwa makini na safari za baada ya saa sita usiku. Tiketi ikiandika Jumatatu 00:45, ni usiku wa kuamkia Jumatatu, na unatakiwa uwe uwanjani Jumapili saa nne kasoro usiku. Wapo wanaofika Jumatatu usiku, ndege imeshaondoka tangu usiku uliotangulia. Vilevile 02:00 ni saa nane usiku, si saa mbili.

Kwa anayetoka Dodoma, treni ya SGR hufika Dar kwa takriban saa nne, kisha kuna foleni ya Barabara ya Nyerere. Ongeza saa tatu za kuwahi uwanjani. Hata ukienda Dar kwa ndege, kama tiketi hiyo umeikata peke yake na ikachelewa, shirika la safari ya China kwa kawaida halina wajibu wa kukusubiri wala kukubadilishia bure. Acha nafasi ya kutosha, au kata safari yote kwa tiketi moja.