Je, wajua ni mwanamke gani aliyemwongoza Charlie Chaplin alipoanza sinema?

Kofia ya duara, suruali pwaya, fimbo na masharubu mafupi: hata mtoto akiiona sura hiyo anajua ni Charlie Chaplin. Lakini filamu ya kwanza kupigwa akiwa amevaa hivyo, Mabel's Strange Predicament ya mwaka 1914, iliongozwa na Mabel Normand, binti wa miaka 21 hivi. Ndiye pia mhusika mkuu: mgeni wa hoteli anayejikuta kwenye ukumbi akiwa na nguo za kulalia, mlango wa chumba chake umejifunga, na mlevi Chaplin anamwandama.

Mabel alizaliwa Staten Island, New York. Alianza kwa kukaa mbele ya wachoraji wa magazeti wamchore, kisha akaingia kwenye filamu bubu. Mack Sennett alipoanzisha studio ya Keystone mwaka 1912, Mabel ndiye aliyekuwa nyota wake. Jina lake liliwekwa hata kwenye vichwa vya filamu, kwa kuwa ndilo lililouza tiketi. Chaplin alipofika kutoka majukwaa ya Uingereza, alimkuta mwenyeji.

Wakagongana haraka. Walipokuwa wakipiga Mabel at the Wheel, Chaplin alitakiwa kumwagia maji barabara ili gari liteleze. Akapendekeza kichekesho: aukanyage mpira wa maji bila kujua, maji yakatike, achungulie mdomo wa mpira, kisha ainue mguu na maji yamrukie usoni. Mabel akakataa, hakuna muda. Chaplin akasusa, akaketi kando ya barabara. Miaka mingi baadaye aliandika katika kumbukumbu zake kwamba hakuamini binti mdogo vile angeweza kumwongoza. Nadhani hapo ndipo penye kiini cha jambo: kisa hicho tumekipokea kutoka kwa Chaplin, na Sennett naye aliandika kitabu chake. Mabel hakuandika.

Hakupata hata nafasi. Mwaka 1918 filamu yake Mickey ilivuma mno, naye alikuwa miongoni mwa wanawake wachache waliowahi kuwa na studio yenye jina lao. Kisha, usiku wa tarehe 1 Februari 1922, rafiki yake, mwongozaji William Desmond Taylor, alipigwa risasi nyumbani kwake Los Angeles muda mfupi baada ya Mabel kuondoka. Alikuwa amepita kuchukua kitabu, na Taylor alimsindikiza hadi kwenye gari. Muuaji hajajulikana mpaka leo, wala Mabel hakushtakiwa, lakini magazeti yalimng'ang'ania. Mwaka 1924 dereva wake akampiga risasi tajiri mmoja kwa bastola ya Mabel. Tajiri alipona, jina la Mabel halikupona. Kuna sehemu za Marekani zilizopiga marufuku filamu zake kwa makosa ambayo hakuyatenda, na hilo linauma.

Kifua kikuu kilimuua Februari 1930, akiwa na miaka 37, sinema za sauti zikiwa zimeshaingia.

Filamu zake kadhaa zimesalia, na zile za 1914 hakimiliki yake imekwisha huko Marekani, hivyo zinatazamwa bure mtandaoni. Ukiifungua ile ya hoteli, mtazame Mabel anavyojificha chini ya kitanda.