Kanya Kumari ni nani, na mbona mlango wake wa baharini unafungwa?

Kanya Kumari ni mungu wa kike wa Wahindu, yaani Devi (mungu mke mkuu) akiwa bado mwali, hajaolewa, na hekalu lake liko ncha kabisa ya kusini ya India bara, Tamil Nadu, pale Bahari ya Hindi inapokutana na Bahari ya Arabuni na Ghuba ya Bengal. Mji nao umebeba jina lake.

Stori yenyewe: kulikuwa na asura, tuseme zimwi, anaitwa Banasura, akapewa ahadi na Brahma, mungu muumbaji, kwamba hatauawa na yeyote ila msichana bikira. Jamaa akaona kashamaliza, kasichana katamfanya nini? (dharau hizo). Basi Devi akazaliwa binti, akakua, na Shiva, mmoja wa miungu wakuu, yule wa hekalu la Suchindram, jirani tu hapo, akampenda, harusi ikapangwa usiku. Miungu wakaona balaa, huyu akiolewa tu basi Banasura ndo hagusiki tena. Narada, mwenye hekima wa mbinguni, akajifanya jogoo akawika kabla ya wakati, Shiva huko njiani akadhani kumekucha na saa njema imempita, akageuza. Bibi harusi kapambwa anasubiri, bwana hatokei, na mchele wa karamu ukabaki mbichi, watu husema ndio ule mchanga wa rangi rangi ulioko ufukweni (upo kweli, ila ni madini).

Banasura aliposikia uzuri wake naye akaja kuposa, kakataliwa, akataka kutumia nguvu, akauawa.

Ndo maana sanamu inamwonyesha msichana kasimama na tasbihi mkono wa kulia, yuko kwenye ibada yake, hadi leo mwali. Wanaume wanaingia vifua wazi. Ila kinachosemwa zaidi ni kipini chake cha puani, kile kito eti kiling'aa mpaka mabaharia wakadhani ni mnara wa taa, wakapasua vyombo kwenye miamba, ikabidi mlango wa mashariki unaotazama bahari ufungwe, na mpaka sasa unafunguliwa siku chache maalum tu kwa mwaka.

Na hii ibada si ya juzi. Periplus, ule mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1 tuliousoma shuleni kwa sababu ya Rhapta, bandari ya kale ya pwani yetu ya Afrika Mashariki, unaitaja Komari pia, yaani hapa hapa, unasema watu walienda kuoga pale na kuishi bila kuoa wala kuolewa, kwa kuwa mungu wa kike aliwahi kukaa hapo na kuoga.