Doria za Malacca: yanayosemwa na ukweli wenyewe

"Bila manowari za taifa kubwa, maharamia hawazuiliki." Kauli hii inasikika sana, na mlango-bahari wa Malacca, kati ya Malaysia na kisiwa cha Sumatra cha Indonesia, unaikanusha. Mwaka 2004, Marekani ilipoleta mpango wake wa usalama wa eneo hilo, Indonesia na Malaysia zilikataa katakata askari wa kigeni kulinda doria majini mwao. Julai mwaka huohuo, pamoja na Singapore, zikaanzisha doria zao wenyewe. Juni 2005 kamati ya bima ya London iliiweka njia hiyo kwenye orodha ya maeneo hatari; Agosti 2006 ikaiondoa. Thailand ilijiunga mwaka 2008.

Wengine wanadhani ushirikiano wa namna hii ni kumfungulia jirani mipaka. Hapana, na hapa ndipo penye kiini. Meli za kila nchi zilibaki kwenye maji yake, zikipeana taarifa. Jambazi akivuka mpaka, anayempokea ni jirani. Angani walilegeza kidogo: tangu Septemba 2005 ndege za doria ziliruhusiwa kupita juu ya maji ya jirani, mradi zisisogelee pwani yake chini ya maili 3 za baharini, na ndani yake wakae maofisa wa nchi shiriki. Masharti haya wapo wanaoyabeza kuwa ni woga. Mimi naona bila hayo Indonesia na Malaysia zisingekubali kabisa. Hata vituo vya kupashana habari vya Mombasa na Dar es Salaam, vilivyotokana na makubaliano ya Djibouti ya 2009 ya kupambana na uharamia, havikumnyang'anya mtu bahari yake.

Kwamba doria peke yake ndizo zilizomaliza uharamia, nalo si kweli. Tsunami ya Desemba 2004 iliipiga pwani ya Aceh, jimbo la Indonesia lililo kwenye mlango-bahari huo, na Agosti 2005 serikali ya Indonesia na waasi wa huko wakatia saini amani. Waliopatanisha pande hizo nao wanastahili sehemu ya sifa ya utulivu wa bahari hiyo.

Wala kazi haijaisha. Mwaka 2023 na 2024 matukio katika milango-bahari ya Malacca na Singapore yalizidi 60 kila mwaka. Mengi ni wizi: watu wanapanda meli usiku, wanabeba vipuri vya injini, wanatokomea. Tukio likitokea ndani ya maili 12 za baharini kutoka pwani ya nchi, kisheria huo si uharamia bali unyang'anyi, na mwenye mamlaka ya kukamata ni nchi yenye maji hayo. Kwa hiyo mzigo mkubwa sasa ni wa polisi wa majini, si wa manowari.