Kinyonga Mchanga Anapokwama Kujivua Ngozi: Usiivute, Tafuta Chanzo

Wafugaji wapya wa vinyonga hutuletea picha inayofanana sana: kinyonga mdogo mwenye mabaka meupe mwili mzima, vipande vya ngozi vikining'inia ubavuni, na swali kama wamsaidie kuichuna kwa vidole au wampake mafuta. Yote mawili hapana. Mara nyingi kinyonga wa pichani hana tatizo lolote, yuko tu katikati ya kazi ya kawaida ya mwili wake. Lakini wapo waliokwama kweli, na kwao kipande kidogo cha ngozi kilichobaki kidoleni au mkiani kinaweza kuwagharimu kiungo. Kazi ya mfugaji ni kuwatenganisha hao wawili mapema.

Tuanze na aliye mzima. Nyoka mwenye afya hujivua gamba lote kwa mkupuo mmoja. Kinyonga hajivui hivyo. Ngozi yake hupasuka ikatoka vipande vipande, na mara nyingi miguu na mkia huwa vya mwisho. Siku moja au mbili kabla, rangi hufifia na mwili hupoteza mng'ao. Anaweza kukataa chakula, akajisugua kichwa kwenye matawi, akatutumua macho mpaka yakaonekana kama yatatoka. Haya yote ni sawa. Wengine hula vipande vya ngozi yao, nayo pia si jambo la kukutisha. Ngozi hiyo ni nyeupe kwa sababu ni tabaka la juu lililokufa. Rangi zake zinazobadilika hukaa katika tabaka la chini zaidi, ambako watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha mwaka 2015 kuwa kuna seli zenye fuwele ndogo mno za guanini zinazoakisi mwanga. Kwa hiyo akibaki na mabaka meupe kwa saa kadhaa, hata siku nzima, hajapoteza rangi yake wala hajashikwa na ugonjwa.

Kinyonga mchanga hupitia hali hii mara nyingi kuliko mkubwa. Anakua haraka ilhali tabaka lile la nje halikui pamoja naye, basi anaweza kujivua kila baada ya wiki tatu au nne. Ndiyo sababu kasoro za malezi huonekana kwake mapema.

Sasa jambo ambalo ningependa kila mfugaji alishike. Ngozi mpya huandaliwa chini ya ile kuukuu kwa siku nyingi kabla hujaona hata doa moja jeupe. Inapokamilika, majimaji ya limfu pamoja na vimeng'enya hupenya katikati ya matabaka hayo mawili na kuyatenganisha. Mwili ukiwa mkavu, majimaji hayo hayatoshi, na matabaka hubaki yameshikana. Ukiona ngozi imekwama leo, unaona matokeo ya jinsi mnyama huyu alivyoishi wiki zilizopita: alivyokunywa, alivyolala, alivyolishwa, alivyopata mwanga. Mfugaji anayekimbilia chupa ya kunyunyizia siku ya kujivua tu, kisha akarudi kwenye mazoea yake, atakutana na shida ileile mwezi ujao.

Chanzo kikubwa kuliko vyote ni maji. Kinyonga hazoei kunywa kwenye bakuli. Hulamba matone yanayoteremka kwenye majani, tena hachangamkii haraka. Anaweza kukaa dakika kadhaa akiangalia maji kabla hajatoa ulimi. Mnyunyizo wa sekunde kumi hulowesha majani na kumfurahisha mwenye kinyonga, lakini kinyonga mwenyewe hakunywa kitu. Nyunyiza kwa dakika mbili au zaidi, asubuhi na jioni, na mchana weka chombo chenye tundu dogo juu ya kizimba, kidondoshe maji tone kwa tone juu ya majani. Kisha kagua kinyesi chake. Ile sehemu ngumu inayotoka kama mkojo inapaswa kuwa nyeupe. Ikiwa ya njano iliyokolea au ya rangi ya chungwa, amekaukiwa. Macho yaliyotumbukia ndani ni dalili kwamba ukavu umeshakuwa mkubwa.

Unyevu wa hewa nao unaeleweka vibaya. Wengi wakisikia ngozi imekwama hufunika kizimba chote kwa plastiki wakakifanya kilowe usiku na mchana. Hapo ngozi inaweza kutoka, lakini mapafu yakaugua, kwa kuwa hewa iliyotuama yenye joto na maji ni makazi mazuri ya bakteria na kuvu. Vinyonga wengi porini huishi mchana wenye upepo na majani yanayokauka, kisha usiku baridi wenye umande au ukungu. Mpangilio huo ndio wa kuiga. Kwa kinyonga wa Yemen, mwenye kishungi kirefu kichwani, mchana asilimia 40 hadi 60 zinatosha. Yule wa Madagaska mwenye rangi kali anahitaji zaidi kidogo. Usiku unaweza kupanda hadi asilimia 80 au zaidi, mradi joto limeshuka na hewa inapita. Kabla ya kunyunyiza tena, majani yawe yamekauka. Tumia kipima unyevu cha kidijitali na ukiweke usawa wa tawi analokaa, kwa sababu namba ya sakafuni haikuambii lolote kuhusu hewa anayovuta yeye.

Joto na mwanga vinaingia hapa pia. Mchanga ana mwili mdogo unaopashika na kukauka upesi, hivyo sehemu yake ya kuota joto iwe kati ya nyuzijoto 27 na 29 za Selsiasi, chini ya kiwango cha mkubwa, na usiku ishuke hadi karibu 20. Taa ya joto isikaribiane naye kiasi cha kumuunguza, maana kovu la kuungua huishika ngozi kuukuu kila mara. Eneo lilelile likikwama kila anapojivua, shuku kovu. Taa ya mionzi ya UVB, ile mionzi isiyoonekana iliyomo kwenye mwanga wa jua, ni lazima. Humwezesha kutengeneza vitamini D3, ambayo bila hiyo kalsiamu aliyokula haimfai. Kinyonga ambaye mifupa yake imelegea kwa kukosa kalsiamu hawezi kushika tawi sawasawa wala kujisugua, na hivyo ngozi humganda hata kama maji yapo. Kumbuka kwamba kioo na plastiki huzuia mionzi hiyo, na taa hufifia nguvu zake za UVB ilhali bado inawaka vizuri machoni petu. Ibadilishe kwa muda aliouandika mtengenezaji, ambao kwa nyingi ni miezi 6 hadi 12.

Usisahau matawi yenye gome la kukwaruza, ya unene mbalimbali. Mabomba laini ya plastiki hayamsaidii kitu.

Kwenye chakula, tatizo linalohusiana zaidi na ngozi ni vitamini A, nami nitakaa hapo kidogo kwa sababu ndiko wafugaji wenye nia njema hukosea pande zote mbili. Nyenje na wadudu wengine wa kufugwa wana vitamini A kidogo sana. Ikipungua mwilini, seli za ngozi na za utando wa macho hubadilika zikawa ngumu na kavu. Utaona ngozi iking'ang'ania kuzunguka macho, kope zikivimba, pengine ulimi ukishindwa kunasa mdudu. Lakini vitamini hii huhifadhiwa mwilini, na ikizidi nayo huharibu ngozi: hubabuka yenyewe na kuacha nyama mbichi. Kwa nje hali hizo mbili zinaweza kumchanganya mtu asiyezijua. Kwa hiyo usinunue matone ya vitamini A ukamdondoshea mdomoni kwa kukisia, na sindano yake ni kazi ya daktari peke yake. Kinachofaa nyumbani ni unga wa vitamini mchanganyiko wenye retinoli (vitamini A iliyo tayari kutumika), unaorashiwa wadudu kidogo tu mara mbili kwa mwezi, na unga wa kalsiamu isiyo na D3 katika milo ya kawaida. Wadudu wenyewe walishwe majani mabichi, karoti na viazi vitamu angalau siku moja kabla, na wasizidi urefu wa nafasi iliyo kati ya macho mawili ya kinyonga wako.

Vyanzo vingine ni minyoo, utitiri, na maambukizi ya kuvu. Vinyonga waliokamatwa porini hufika wakiwa wamebeba vimelea na wamekaukiwa na safari, achilia mbali kwamba spishi nyingi zinazofugwa zinalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea pori, katika Kiambatisho cha Pili. Aliyezaliwa kwenye ufugaji, na mwenye hati zake, ni chaguo bora kwa afya yake na kwa wenzake waliobaki msituni.

Basi amekwama, ufanye nini? Siku ya kwanza, mwache. Usimshike, usimhamishe, ongeza muda wa kunyunyiza asubuhi na jioni na uongeze mimea hai kizimbani. Ikipita siku mbili na vipande vikubwa bado vimeganda, mpeleke bafuni. Weka mmea imara wa kwenye chungu chini, mpandishe juu yake, kisha elekeza maji ya uvuguvugu mdogo ukutani ili yanayomfikia yawe manyunyu yaliyoruka kutoka ukutani. Maji yasimpige moja kwa moja. Dakika 15 hadi 20 zinatosha, nawe usiondoke hata kidogo. Akigeuka mweusi, akiachama mdomo au akihangaika kutoroka, acha. Fanya hivyo mchana, ili apate muda wa kukauka kwenye joto lake la kawaida kabla ya kulala. Anayekoroma au kutoa mapovu puani asifanyiwe hili. Huyo ni mgonjwa wa mapafu na anahitaji daktari.

Kumtumbukiza kwenye beseni ni kosa. Si mnyama wa majini, hutaharuki mno na anaweza kuvuta maji mapafuni. Mafuta ya kupikia, mafuta ya nazi na mafuta mazito ya mgando nayo tusiyatumie: huziba ngozi, hunasa uchafu, na huingia machoni na puani. Kuvuta ngozi isiyo tayari huchana ile changa iliyo chini yake, na hapo bakteria hupata mlango.

Vidole na mkia vinahitaji macho ya makini. Mguu wa kinyonga una vidole vitano vilivyoungana katika mafungu mawili, moja la viwili na jingine la vitatu, na katikati ya kucha na mikunjo hiyo ndipo ngozi hubaki bila kuonekana. Tumia kioo cha kukuzia, au piga picha kwa simu kisha uikuze. Unachotafuta ni pete ya ngozi kavu. Pete hiyo hubana kama uzi uliofungwa kidoleni, kwa sababu yenyewe inakauka na kunywea huku mnyama akizidi kunenepa. Damu ikizuiwa, sehemu ya mbele huvimba, huwa nyekundu, kisha huwa nyeusi na kufa. Mkia wa mjusi kafiri ukikatika huota mwingine. Wa kinyonga hauoti, naye huutegemea kama mguu wa tano anapopanda.

Ukiona pete na bado hakuna uvimbe, lowesha kijiti cha pamba kwa salini, ile ya kusafishia vidonda isiyo na dawa nyingine, uishikize pale kwa dakika chache, kisha uviringishe taratibu kuelekea ncha. Ikilegea, itateleza yenyewe. Ikigoma, acha na ujaribu kesho. Kibano kisikaribie hapo kabisa. Kukiwa na uvimbe au weusi, usijaribu lolote nyumbani. Mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo.

Macho yake usiyaguse. Ana uwezo wa kuyatutumua na kuyasugua kwenye tawi mpaka ngozi itoke, na mnyunyizo mrefu wa manyunyu laini humsaidia katika kazi hiyo. Lakini kinyonga anayefumba macho mchana kweupe, iwe moja au yote, anaumwa, na hilo halingoji ngozi imalize kutoka.

Si kila daktari wa wanyama ana uzoefu na reptilia, hivyo mtafute huyo sasa, kabla hujamhitaji. Siku ya kwenda, mbebe kwenye kisanduku kidogo chenye matundu, giza ndani, tawi moja lililofungwa lisicheze, na bila bakuli la maji. Chukua picha za kizimba chote na za taa pamoja na tarehe zilipoanza kutumika, namba za joto na unyevu za mchana na za usiku, makopo ya unga unaowarashia wadudu, na kinyesi kibichi kwenye chombo safi kilichofungwa ili kipimwe minyoo. Chukua pia vipande vya ngozi iliyokwisha kutoka, uvifunge vikiwa vikavu, kwa maana daktari akiviweka chini ya hadubini anaweza kuona utitiri au nyuzi za kuvu bila kumsumbua mnyama mwenyewe.